Sikuonja Nyama ya Ngamia

Katika nyumba yetu, kule milimani Upare, samaki hakuingia jikoni kabla mama hajampapasa. Wachuuzi walipandisha samaki kutoka bwawani, huko chini tambarare, perege na kambale wakiwa kwenye tenga moja, na mama alichagua kwa vidole. Perege alikuwa na mapezi na magamba, huyo alipita. Kambale alikuwa na mapezi lakini ngozi yake laini inateleza kama sabuni. Huyo alirudishwa tengani, hata angekuwa mnene namna gani. Majirani wasiokuwa Wasabato walimchukua palepale mbele yetu, na jioni harufu yake ilivuka ua ikatufuata mpaka ndani. Mimi na wadogo zangu tulimeza mate.

"Mama, kwani kambale ana sumu?" nilimuuliza siku moja.

"Hana sumu. Jirani anamla tangu nimjue, na yuko hai."

"Sasa sisi hatumli kwa nini?"

"Kwa sababu Mungu aliwaambia watu wake wasimle, na sisi tumekubali kuwa watu wake." Aliendelea kuparua magamba, kisha akaongeza, "Halafu, mtu asiyeweza kumwambia kambale hapana, atamwambia nani?"

Sheria hizo walipewa Wayahudi wa kale walipokuwa jangwani, na mama alizijua kichwani. Mnyama wa kuliwa sharti awe na kwato zilizogawanyika na pia awe anacheua. Akikosa kimoja, hafai. Kwa hiyo sungura hakuliwa kwetu, na nguruwe ndiye hakutajwa kabisa. Damu haikuliwa, nyama ililowekwa kwenye maji ya chumvi mpaka maji yabadilike rangi, yakamwagwa, ikalowekwa tena. Na ile sheria ya kutompika mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake, mama aliifuata kwa namna yake mwenyewe: siku tuliyouza au kuchinja kitoto cha mbuzi, mama wa kitoto hakukamuliwa. Tulikunywa chai ya rangi. "Leo amepata hasara ya kutosha," alisema.

Hata Wasabato wenzetu waliona anazidisha. Kanisani hakuna aliyetufundisha kuvunja vyungu, lakini mama alivunja. Siku moja mjusi aliangukia kwenye chungu cha makande akafia humo. Chungu chenyewe alikuwa amepewa na bibi alipoolewa. Baba alimwambia akisugue kwa majivu, kitatakata.

"Sufuria ningesugua," mama alisema. "Udongo umeshakunywa."

Alikibeba hadi nyuma ya migomba akakivunja kwa jiwe, kisha akafuta machozi kwa ncha ya khanga akaja kutupikia ugali. Niliona hasara tu. Sikujua kwamba maneno yale nitakuja kuyasema mimi, kwa lugha ya kuungaunga, katika jiko la hoteli Riyadh.

Nilisomea upishi Moshi, nikafanya kazi kwenye hoteli za watalii, kisha nikapata mkataba wa kupika katika nyumba ya familia moja Jeddah, mtaa wa Aziziya. Ilikuwa nyumba ya ghorofa mbili yenye jiko kubwa kuliko sebule yetu ya nyumbani. Humo walikuwamo bosi na madam, watoto wao, na mama mzazi wa bosi, ambaye sisi wafanyakazi tulimwita mama kabira, yaani mama mkubwa. Alitembea kwa shida na macho yake yalikuwa yamefifia, ila pua yake ilikuwa kali. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango wa jiko kutwa nzima, tasbihi mkononi, na alijua kinachoungua kabla yangu.

Mwenzangu alikuwa dada mmoja wa Mombasa, Mwislamu, aliyelea watoto wa nyumba ile. Yeye ndiye aliyeniokoa mwanzoni. Ilipoletwa nyama ya ngamia mchanga, ambayo wenyewe wanaiita hashi na wanaipenda sana, nilisimama nikiitazama. Ngamia anacheua, lakini kwato zake hazikugawanyika inavyotakiwa. Ametajwa kwa jina kabisa kati ya wale wasioliwa. Kumpika niliona hakuna tatizo, maana si mimi nitakayekula, na sikuja Jeddah kuwachagulia watu chakula chao. Kumtia kinywani ndilo jambo nililokataa. Hivyo kila nilipopika ngamia, au wale kamba wakubwa wa baharini, nilimwita mwenzangu aonje.

"Chumvi bado kidogo, dada," angesema akilamba kijiko. "Hapo sasa iko poa. Wewe unakosa mambo, walahi."

Alipopewa likizo akaenda kwao Mombasa, nilibaki peke yangu na sufuria. Ijumaa moja ya likizo yake hashi ilikuwa jikoni, nami nikawa natia chumvi, nasita, natia tena, naacha. Mama kabira alinisikia.

"Unaogopa nini?" aliuliza kutoka kitini.

"Siogopi, mama."

"Umefungua hicho kifuniko mara nyingi, na kijiko sijakisikia kikienda mdomoni. Njoo hapa."

Nikaenda nikachutama mbele yake. Kwa Kiarabu changu kibovu nilimweleza kwamba dini yangu hainiruhusu kula ngamia. Alishangaa. Wakristo aliowajua walikula kila kitu. Nikamwambia sisi ni Wakristo tunaoshika sheria za vyakula alizopewa Musa.

"Nabii Musa," alisema, akanirekebisha kwa heshima. "Ni nabii wetu pia. Ngamia, kwa Wayahudi, ni haramu. Nilisikia hayo kwa marehemu baba yangu. Kwetu ni halali." Alizungusha tasbihi. "Na nguruwe?"

"Haramu kwetu pia, mama. Na damu."

"Ndiyo maana nyama yako haina shombo," alisema. "Nilijiuliza huyu binti anaiosha na nini." Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Unajua sisi Ramadhani tunapikaje?"

Nilikuwa sijafikia Ramadhani katika nyumba ile.

"Wapo wanaogusa kwa ncha ya ulimi wakatema. Mimi sijawahi. Tangu nilipoanza kufunga nikiwa msichana, mwezi mzima napika bila kuonja, na mume wangu hakuwahi kurudisha sahani. Nisimamishe."

Nikamshika mkono, tukaenda jikoni. Alinifundisha kupima chumvi kwenye kiganja badala ya kijiko, maana kiganja hakibadiliki na vijiko kila duka lina vyake. Alinifundisha kusubiri mvuke wa kwanza upite ndipo ninuse, kwa sababu wa kwanza ni wa maji tu. Alinionyesha mafuta yanavyojitenga pembeni mchuzi unapokuwa tayari. Alinipa wali nibonyeze kwa vidole akaniuliza umebakiza nini katikati. Nilipokosea alinipiga kofi dogo mkononi akasema, "La! Sio hivyo," na kucheka. Mchana ule familia ilikula hashi ikamaliza, na madam akaniletea sahani tupu akisema leo nimepika vizuri kuliko siku zote.

Tangu siku hiyo nilipika ngamia bila kumwita mtu. Ramadhani ilipofika nilikuwa mwanafunzi aliyehitimu. Nilijiona mpishi kweli, na si wa cheti tu.

Haikuchukua muda mrefu shida ikaja. Mpwa wa madam alichumbiwa, na karamu ya wanawake ikaandaliwa nyumbani kwetu. Dada yake madam, mama wa binti, alikuja kutoka Riyadh. Alikuwa mwanamke wa kauli nzito, aliyezoea kutiiwa na watu. Asubuhi nzima alikuwa akiingia na kutoka jikoni kuangalia. Sikujali, hata mimi nisingekaa mbali na chakula cha uchumba wa mwanangu.

Wageni walipokwisha kuketi, mimi na mwenzangu, ambaye alikuwa amesharudi, tuliingiza sinia kubwa la wali na hashi juu yake. Tulipoliweka katikati, yule dada yake madam akainua mkono.

"Subirini," alisema. "Huyu mpishi nimemwangalia tangu asubuhi. Kila sufuria ameonja, ila hii. Hii hakuigusa. Kwa nini?"

Nikasema, "Madam, mimi sili ngamia."

"Sikukwambia ule. Kipande kimoja. Onja mbele yetu."

"Samahani, madam. Dini yangu inanikataza."

"Wewe si Mkristo? Mkristo gani anakatazwa ngamia?"

"Ni sheria ya Nabii Musa, madam."

"Ya Mayahudi!" alisema kwa sauti, akawageukia wageni. "Mmesikia? Mpishi haonji chakula chake, na sababu yake ni hiyo. Nani anajua ametia nini humu?"

Niliona nyuso zikibadilika. Mwanamke mmoja aliyekuwa amenyoosha mkono aliurudisha. Madam wangu alikuwa mwekundu kwa aibu, akaja karibu akaninong'oneza, "Onja tu, binti. Kidogo. Halas, yaishe."

Nilimwelewa. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka karamu iendelee. Nilijua pia kwamba akimwambia bosi, aliyekuwa kafili wangu, yaani mdhamini wa kibali changu, jioni ile ile ningeweza kuambiwa nifunge mizigo. Kipande kimoja cha nyama, kikubwa kama kidole gumba, kingemaliza kila kitu. Nilikitazama.

"Madam, kazi ni yako na jiko ni lako. Ukiniambia nipike tena vyote, nitapika. Kinywa tu ndicho changu."

Hapo ndipo tuliposikia fimbo ikigonga sakafu. Mama kabira, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha heshima upande wa pili, alikuwa anaomba kusaidiwa kusogea. Mabinti wawili wakamwinua, wakamketisha mbele ya sinia.

"Nipeni maji ninawe," alisema.

Mwenzangu akamletea maji. Akasema bismillahi, akaumega wali kwa vidole, akachukua na nyama, akala. Alitafuna taratibu, maana meno yalikuwa machache. Akameza, akachukua tonge jingine.

"Nimepika mwezi mtukufu tangu ninyi hamjazaliwa," alisema, "na sikuonja hata siku moja. Mlikula futari yangu wote, na wewe," akamgeukia dada yake madam, "ulikula ukaomba ya kubeba. Hakuna aliyeniuliza nimetia nini. Mlijua namwogopa Mungu. Huyu naye anamwogopa Mungu. Mtu anayekataa tonge mbele ya watu wote hawa, akijua anaweza kufukuzwa, ndiye wa kumtilia shaka? Ningemtilia shaka kama angekula." Akavuta sinia karibu. "Yalla, kuleni. Kinapoa."

Wakala. Yule mwanamke aliyerudisha mkono ndiye aliyeanza. Dada yake madam alikaa kidogo, kisha naye akanawa. Hakuniomba radhi, wala sikutarajia. Lakini nilipokuja kutoa sinia, aliniuliza bila kunitazama ile harufu ya mwisho ilikuwa ya nini, nikamwambia ni ndimu kavu, akaitikia kwa kichwa.

Nilirudi jikoni nikashika ukingo wa sinki kwa mikono miwili. Mwenzangu alinikumbatia kwa nyuma. "Dada, umewaweza," aliniambia, na sisi wawili tukacheka mpaka machozi, mdomo umefunikwa na taulo za vyombo wasitusikie. Nimepata vyeti viwili vitatu maishani. Hakuna kilichonipa fahari kama siku ile.

Mama kabira aliishi mpaka mkataba wangu wa pili ulipokaribia kwisha. Alipofariki, kiti chake kiliondolewa mlangoni na jiko likawa kimya sana. Watoto walikuwa wamekua, madam akawa ananunua chakula cha nje mara nyingi, na akaniambia waziwazi kwamba hanihitaji kama zamani. Nilikuwa najiandaa kurudi Tanzania pale simu ya madam ilipolia, akaniitia sebuleni. Alikuwa dada yake, kutoka Riyadh. Hoteli moja ya mtaa wa Olaya ilikuwa inatafuta mpishi mwanamke, na meneja alikuwa jamaa wa mume wake.

"Nimemwambia sijui sana mambo ya mapishi," nilimsikia akisema kwenye spika ya simu. "Nimemwambia najua huyu hasemi uongo kuhusu chakula. Mwache aje."

Bosi alikubali nihamie kwa kafili mwingine. Karatasi zilisumbua kidogo, ikama mpya, yaani kibali cha kuishi, ikatoka, nikapanda basi kwenda Riyadh.

Jiko la hoteli ni vita. Kuna moto, kelele, na watu wa mataifa yote wanaoitana kwa Kiarabu cha maneno machache na Kiingereza cha maneno machache zaidi. Nilianzia kukata mboga, nikapandishwa nikawa msimamizi wa meza za chakula cha baridi, kisha wa jiko zima la mchana. Mpishi mkuu, Mmisri mwenye sauti kama spika ya msikitini, alikuwa ananiita "mama wa mipaka", kwa sababu sikukubali kisu cha nyama kigusane na ubao wa matunda. Wengine walidhani ni masomo ya chuo. Chuo kilinipa majina ya wadudu wasioonekana. Mazoea yenyewe nilikuja nayo kutoka nyumbani, kwa mwanamke aliyeloweka nyama mara mbili na kuchunguza samaki mmoja mmoja.

Mchana mmoja wa siku ya kazi, ofisi zote za Olaya zimemwaga watu na foleni imefika mlangoni, mhudumu alileta oda ya samaki wa kukaanga kwa mtoto wa kike. Mama wa mtoto alikuwa ameuliza kama kuna kamba ndani yake, kwa maana mwanawe hali kamba. Mhudumu akamjibu hakuna, na kweli katika sahani hakukuwa na kamba. Lakini mimi nilikuwa nimesimama karibu na kikaango, na nilijua yale mafuta yamekaangia nini asubuhi.

"Simama," nilimwambia kijana aliyekuwa akikaanga. "Hiyo haiendi."

"Sista, moto unaua kila kitu," alisema. "Mafuta ni yaleyale, safi."

"Mwiko ungeuosha. Mafuta yameshakunywa kamba. Hayaoshwi."

Mpishi mkuu alikuja akipiga kelele kwamba meza zinasubiri. Nikamweleza. Akasema mama mwenyewe hakuuliza habari za mafuta. Nikamwambia hakuuliza kwa sababu ametuamini. Nilichukua sufuria nyingine, nikaikausha, nikamimina mafuta mapya, nikamkaanga samaki mwingine mwenyewe huku foleni inanung'unika. Nilipomaliza nikampelekea mhudumu na kumwagiza aseme ukweli wote, hata huo wa mafuta.

Baada ya chakula yule mama alikuja hadi kwenye dirisha la jiko, amemshika mwanawe mkono. Alitaka kumwona aliyebadilisha mafuta. Aliniambia mtoto akila kamba, hata mabaki yake tu, koo linafunga, na wameshakimbizana hospitali kwa sahani ambayo waliambiwa haina kitu. "Wengine wanamwona anadeka," alisema. "Wewe hata hukumwona." Mtoto alikuwa na mafuta kwenye kidevu na alikuwa anatafuna kipande cha mwisho.

Niliona aibu kupokea shukrani kubwa vile, lakini kifuani nilijaa. Mimi nimekulia katika nyumba inayokataa vitu ambavyo majirani wanakula bila madhara, nimechekwa shuleni, nimeambiwa nina masharti kama mganga. Na kwa sababu nimezoea watu wanihoji kuhusu sahani yangu, naweza kumwamini mtu mwingine kuhusu sahani yake bila kumhoji. Siku iliyofuata mpishi mkuu aliagiza vikaango vya kamba viwe peke yake, na koleo zake zifungwe utepe mwekundu. Alitangaza kana kwamba ni wazo lake. Nikamwacha.

Mama yangu nilimpigia Jumamosi, kwenye simu ya mdogo wangu, nikamsimulia. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na wewe umekula nini leo?" aliuliza. Nikamjibu. "Vizuri," akasema, na nikamsikia akimwambia mtu aliyekuwa naye pale, bila kujua simu bado iko wazi, "Huyo anayeongoza jiko la Waarabu ni wangu."

Sasa ninafundisha wapishi wapya wanaoletwa pale. Saa ya chakula cha wafanyakazi tunakaa meza moja ndefu chini kabisa ya jengo, karibu na mlango wa mizigo: mimi, Mmisri, Wakenya wawili, Wafilipino, na Mnepali mmoja mpole ambaye hali ng'ombe. Kila mtu ana chake asichokula na hakuna anayeulizwa sababu. Juzi nilipofika nilikuta mtu amechota mchuzi wa ng'ombe akaacha upawa wake ndani ya bakuli la dengu. Mnepali alikuwa ameinamia simu, hajaona. Nilibeba bakuli lile nikarudi nalo jikoni, nikachota dengu nyingine kwenye chombo safi, nikaiweka mbele yake, nikaketi kula.